Barua ya wazi kwa Baba Askofu na Kamati ya Jubilei: Fungueni madaftari kabla ya kuchapa kitabu

Kwa:
Mhashamu Baba Askofu,
Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Jubilei ya Jimbo

YAH: KITABU CHA HISTORIA YA JIMBO LETU

Mhashamu Baba Askofu,

Tumsifu Yesu Kristo!

Hii ni barua yangu ya tatu kuhusu jambo hilihili. Ya kwanza niliileta kwa mkono, karani akaigonga muhuri na kunirudishia nakala. Ninayo hadi leo, imekaa ndani ya Biblia. Ya pili nilimtumia mwenyekiti wa Kamati kwa WhatsApp, zikatokea tiki mbili za bluu na mambo yakaishia hapo. Baadaye nilifunga safari mwenyewe, nikakaa kwenye benchi la nje tangu Misa ya asubuhi ilipokwisha hadi saa saba mchana, nikaambiwa kwa upole mwingi kwamba maoni yangu "yatafanyiwa kazi". Miezi minane imepita. Jumapili iliyopita limesomwa tangazo kanisani: kitabu kinakwenda kiwandani baada ya Pasaka, kila jumuiya ikusanye mchango wake. Nikinyamaza tena nitakuwa nimelipia kwa hela yangu kitu ambacho dhamiri yangu inakikataa.

Jina la jimbo nimeliacha makusudi, na la parokia vilevile. Sitaki mtu wa mbali aiokote barua hii akaifanya fimbo ya kulichapia Kanisa. Inatosha kusema kwamba sisi ni wa kusini, katika majimbo yale yaliyotokana na kazi ya Wabenediktini, wamonaki wamisionari wa Peramiho na Ndanda. Wenyewe mnajijua.

Rasimu ya kitabu nimeisoma yote. Aliyenipa asitafutwe, alinipa nimrekebishie Kiswahili, na hiyo kazi niliifanya bila malipo. Ni kurasa 180. Kuna mambo mazuri humo. Sura ya hospitali na shule za ufundi imeandikwa na mtu anayeipenda kazi yake, na ile ramani ya dekania, yaani makundi ya parokia jirani, imenifundisha jambo hata mimi niliyezaliwa hapa. Lakini kitabu kinafunguliwa kwa methali "Mwacha asili ni mtumwa", halafu ukifunua ukurasa unaofuata unajikuta uko bandarini Ulaya, unasubiri meli pamoja na wamisionari. Babu zetu tunakutana nao ukurasa wa 23, wakiwa wamebeba mizigo.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Makatekista wamepewa mistari tisa

Nimeihesabu. Mistari tisa, katika aya moja inayosema kwamba makatekista, walimu wa dini wa vijijini, "walisaidia sana". Jina hata moja hakuna. Jengo la kuchomelea vyuma limepewa ukurasa mzima na picha mbili.

Naomba nieleze kitu nilichokiona kwa macho yangu. Miaka mitatu iliyopita binti wa ndugu yangu alitaka kufunga ndoa, akahitaji cheti kipya cha ubatizo, nami nikamsindikiza kwenye parokia mama aliyobatizwa. Paroko msaidizi, kijana mwema, alituingiza chumba cha nyuma ya sakristia akatuachia tutafute wenyewe. Madaftari ya zamani yalikuwa ndani ya viroba vya mbolea, sakafuni. La binti tulilipata upesi. Mimi nikabaki na lile la chini kabisa, lenye jalada gumu jeusi na ukingo uliotafunwa na mchwa kama mhindi ulioguguniwa.

Kurasa za mwanzo zimeandikwa Kilatini, kwa mwandiko mwembamba wa Kizungu unaolala kulia. Kuna tarehe, jina la mtoto, jina la baba, jina la mama, kisha safu ya msimamizi wa ubatizo. Nikaanza kuisoma hiyo safu ya msimamizi, na hapo nikashituka. Jina lilikuwa lilelile. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa sita, jina moja tu. Mtu mmoja amesimamia ubatizo wa kijiji kizima! Nikamwita paroko msaidizi nikamwonyesha, akacheka akasema labda karani alichoka kuandika. Hakuchoka. Yule alikuwa katekista. Kabla ya kijiji kuwa na Wakristo wa kuwasimamia wengine, kilikuwa na Mkristo mmoja, naye ndiye aliyesimama na kila mtu.

Nikaendelea kufunua. Ilipofika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, Kilatini kikakatika. Mwandiko ukabadilika: herufi kubwa, za mviringo, zilizokandamizwa kama za mtoto wa darasa la pili anayeogopa kukosea. Na lugha ikawa Kiswahili. Mstari baada ya mstari unasema mtoto amebatizwa katika hatari ya kufa. Vita ilipofika kusini, wamisionari Wajerumani walikamatwa na kuondolewa, na misheni nyingi zikakaa miaka kadhaa bila padre mkazi, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1920 walipoanza kufika Waswisi. Katikati ya hayo kulikuwa na njaa ya vita, na mwishoni mwa 1918 ukaja ugonjwa wa mafua yaliyoizunguka dunia. Watoto walikufa. Aliyekuwa akikimbia usiku na kibuyu cha maji kwenda kuwabatiza ni huyuhuyu wa mwandiko wa mviringo, kwa haki ambayo Kanisa humpa mtu yeyote wakati wa dharura. Kisha alikaa chini akaandika, kwa sababu alifundishwa kwamba kisichoandikwa kitasahauliwa.

Rasimu yenu inaiita miaka hiyo "kipindi cha giza ambapo kazi ya uinjilishaji ilisimama".

Ilisimama wapi, Mhashamu? Mwandiko upo!

Na sina haja ya kuwakumbusha jinsi makatekista hao walivyoishi, lakini kwa kuwa kitabu hakisemi nitasema mimi kidogo. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Kengele yake ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe, na alikuwa na nyundo yake maalumu ya kuigonga ambayo sisi wajukuu hatukuruhusiwa kuishika. Asubuhi alifundisha kusoma chini ya mwembe huohuo, jioni katekisimu kwa maswali na majibu. Sisi tulimwita Babu, kijiji kizima kilimwita Mwalimu, na hadi leo wazee wa kwetu wakisema "mwalimu" bila kuongeza kitu wanamaanisha katekista, si mimi niliyesomea ualimu chuoni. Mwisho wa mwezi alitembea siku moja na nusu kwenda misheni kuchukua posho na chumvi. Alizika watu wengi kuliko padre yeyote aliyepita parokia ile. Katika rasimu, yeye ni sehemu ya "walisaidia sana".

2. Vita vya Maji Maji vimeandikwa kwa macho ya upande mmoja

Sura ya tatu inaviita vita hivyo "uasi". Inaeleza kwa kirefu, na ni haki ieleze, jinsi Askofu Cassian Spiss alivyouawa Agosti 1905 pamoja na mabruda wawili na masista wawili, na jinsi misheni ya Peramiho ilivyochomwa. Damu ile ilimwagika na tunaiheshimu. Mimi mwenyewe nimewasalia.

Lakini baada ya hapo sura inaruka moja kwa moja hadi mwaka 1906, misheni ya Ndanda inapofunguliwa, kana kwamba kati ya hapo watu walikuwa wamelala. Waliokufa upande wetu hawakuhesabiwa hata kwa makadirio. Wajerumani wenyewe walikadiria 75,000. Wanahistoria waliokuja baadaye wametaja hadi 250,000 na hata 300,000, na wengi wao hawakufa kwa risasi bali kwa njaa, baada ya mashamba na maghala kuchomwa kwa makusudi. Hao ndio wazazi wa Wakristo wetu wa kwanza. Ukitaka kuelewa kwa nini misheni zilijaa watu baada ya 1907, lazima useme kwamba mtu aliyekuwa na njaa alikwenda palipokuwa na chakula, na mtoto yatima alikwenda palipokuwa na mlezi. Kusema hivyo hakuwaondolei imani yao. Neema hupita hata kwenye sufuria ya uji.

Na lipo jambo kubwa zaidi ambalo rasimu hailigusi. Tarehe 27 Februari 1906 pale Songea walinyongwa mashujaa 67, na kila mwaka tarehe hiyo taifa huwakumbuka kwenye Makumbusho ya Maji Maji. Wengi wao walibatizwa gerezani katika siku zao za mwisho, na padre Mbenediktini aliyetoka misheni ya Kigonsera. Hebu fikirini. Watemi wa Wangoni na manduna, wasaidizi wao, waliopigana na serikali iliyomlinda padre huyo, wanapokea ubatizo kutoka mkononi mwake wakiwa njiani kwenda kitanzini. Waliamini? Walilazimika? Walitaka kuzikwa vipi? Sijui kama kuna ukurasa mgumu na mtakatifu kuliko huo katika historia yote ya Kanisa la kusini, na kitabu cha jubilei kimeuruka.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea akaomba radhi mbele ya wazao wa mashujaa hao. Kama mkuu wa taifa lililowanyonga ameweza kulitaja jambo hilo kwa jina lake, sisi tunaogopa kumuudhi nani?

3. Madaftari yanaoza

Hili ni la haraka kuliko yote. Kitabu kibaya kinaweza kuandikwa upya. Daftari likishaliwa limeliwa.

Lile nililolieleza juu, niliporudi baada ya mwaka mmoja, kurasa zake za kwanza zilikuwa zimebandikwa solotepu. Mtu mwenye nia njema alitaka kuzuia zisichanike. Solotepu ile sasa imegeuka njano, gundi inavuja, na majina yaliyo chini yake yanafifia. Wino wenyewe wa zamani unakula karatasi: pale kalamu ilipokandamizwa sana kuna vitundu vyenye umbo la herufi, unaweza kuona mwanga upande wa pili. Popo nao wana dari yao humohumo. Parokia nyingine mbili nilizozitembelea hali ni hiyohiyo, na ya tatu niliambiwa madaftari ya kabla ya 1940 "yalichukuliwa na mgeni fulani" ambaye hakuna anayemkumbuka jina.

Si mimi ninayesema yatunzwe. Ni Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983. Kanuni ya 535 inaamuru kila parokia iwe na madaftari ya ubatizo, ndoa na wafu, paroko ahakikishe yanaandikwa sawasawa na kutunzwa kwa uangalifu, askofu au mjumbe wake ayakague anapotembelea parokia. Na kifungu chake cha mwisho kinataja waziwazi madaftari ya zamani, yatunzwe nayo. Kanuni ya 491 inamtaka askofu awe na hifadhi ya kihistoria ya jimbo, nyaraka zenye thamani zilindwe na kupangwa kwa utaratibu. Mwaka 1997 Tume ya Kipapa ya Urithi wa Utamaduni wa Kanisa iliwaandikia maaskofu wote kuhusu jambo hilihili. Kwa hiyo ombi langu si geni wala si la kiburi.

Tena naomba kuuliza swali dogo kwa ofisi ya Kansela, mtunza nyaraka za jimbo. Sheria ya zamani, ile ya 1917, ilimtaka kila paroko mwisho wa mwaka apeleke nakala ya madaftari yake makao makuu. Je, nakala hizo za miaka ya 1920 hadi 1960 zipo? Ziko kabati lipi? Kama zipo, nusu ya tatizo letu imekwisha. Kama hazipo, semeni hazipo, tujue tunaanzia wapi.

4. Wanawake

Masista wa Chipole wametajwa, na mwaka wao 1938, vizuri. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wamepewa picha ya vitenge vya sare. Lakini waliobeba matofali kichwani, waliochota maji ya kukandia udongo, waliompikia katekista alipokuwa safarini, hakuna. Katika daftari la ubatizo jina la mama limeandikwa kila mstari. Kitabu kimeshindwa hata kufanya kile ambacho karani wa 1910 alikifanya.

5. Vigango vilivyohamishwa

Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 haimo katika rasimu, hata kwa sentensi moja. Sijui kama ni woga wa siasa au ni kusahau tu. Kwetu watu walihamishwa kutoka maboma yao yaliyotawanyika wakakusanywa kando ya barabara, na vigango, yaani makanisa madogo ya vijijini yaliyo chini ya parokia, vilivyojengwa na baba zao vikabaki porini. Kanisa la matofali mabichi mvua mbili zinalitosha. Makaburi yakamezwa na miombo. Nimefika kwenye kimoja cha vigango hivyo: kilichobaki ni ngazi tatu za mawe zinazopanda kwenda pasipo na kitu, na mwembe. Makatekista kadhaa wamezikwa kuzunguka ule mwembe, na alama zao ni mawe yasiyo na maandishi. Wapo wazee wachache wanaojua jiwe lipi ni la nani. Mwaka 2012 wenzetu wa Bukoba waliyahamisha masalia ya Kardinali Rugambwa kwa heshima kubwa kwenda kanisa kuu, na walistahili kufanya hivyo kwa Kardinali wa kwanza Mwafrika. Mimi siombi msafara. Naomba vibao vya mbao.

Sasa najua mtakachonijibu, maana baadhi nimekwisha kujibiwa kwenye lile benchi.

Mtasema fedha hakuna. Rasimu ina kurasa 32 za picha za rangi, na yeyote aliyewahi kupeleka kitu kiwandani anajua rangi ndiyo inayokula hela. Punguzeni nusu. Kabati la chuma, rafu zisizogusa ukuta wala sakafu, na simu moja yenye kamera nzuri: hivyo vinatosha kuanzia parokia moja. Daftari linafunguliwa mezani karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera, ukurasa mmoja baada ya mwingine, mtu mmoja anafunua na mwingine anapiga. Wanafunzi wetu wa sekondari wanapiga picha za chakula chao kila siku. Watashindwa na hili?

Mtasema wazee wenye kumbukumbu wamekwisha. Hawajaisha, wanaisha. Katika jumuiya yangu yuko bibi mmoja ambaye makatekista wa kigango chake anawakumbuka kwa paa la kanisa. Huyu alikuwa wakati wa nyasi za kwanza, huyu nyasi za pili baada ya moto, huyu alileta bati, huyu bati liliezuliwa na upepo akalirudisha. Watu saba, kwa mpangilio, bila kukosea. Nilipolinganisha na daftari, sita walikuwepo kama alivyosema, na wa saba aliangukia kwenye ukurasa ulioliwa. Kamati haijawahi kufika kwake, na ni mwendo wa saa moja kwa bodaboda kutoka makao makuu.

Mtasema madaftari yana siri za watu. Hapa mna hoja, na ninakubaliana nanyi. Humo kuna watoto walioandikwa baba hajulikani, kuna ndoa zilizobatilishwa, kuna maneno pembeni ambayo mjukuu hapaswi kuyasoma kwenye kitabu cha jubilei. Basi wekeni mpaka: yaliyozidi miaka 100 yafunguliwe kwa watafiti, yaliyobaki yapigwe picha na kufungiwa kwa Kansela. Kupiga picha si kutangaza. Na kanuni ya 487 inampa kila muumini haki ya kupata nakala ya yale yanayoihusu hali yake mwenyewe, ambayo leo hawezi kuipata kama ukurasa wake umo tumboni mwa mchwa. Binti wa ndugu yangu alibahatika. Kijana mwingine wa kwetu ukurasa wake haukupatikana, ikabidi mama yake wa ubatizo aletwe ofisini kwa kubebwa, ana miaka 80, atoe ushuhuda. Sheria inaruhusu, shahidi mmoja wa kuaminika anatosha. Je, huyo mama akifa?

Mtasema wamisionari walikwisha kuandika kila kitu na nyaraka ziko St. Ottilien, monasteri mama ya Wabenediktini hao kule Bavaria. Zipo, nami nawashukuru walioziweka. Lakini padre aliyemwandikia mfadhili wake wa Ujerumani aliandika kile ambacho mfadhili alihitaji kukisoma ili atume tena. Hakuwa na sababu ya kumweleza habari za mtu wa rimu ya gari.

Na kuna jibu moja nililopewa ambalo limenikaa kooni hadi leo: kwamba makatekista walimtumikia Mungu, hawakutafuta majina. Kweli kabisa. Kwa hiyo picha za rangi za maaskofu watano, ukurasa mzima kila mmoja, wao walimtumikia nani?

Nisamehe, Mhashamu. Hilo nimeliandika nikalifuta mara mbili, kisha nikaliacha.

Ninaloomba ni hili, na naliandika kwa vipande ili mnijibu kwa vipande:

(a) Kitabu kisiende kiwandani baada ya Pasaka. Kisogezwe mwaka mmoja. Jubilei inaweza kuadhimishwa bila kitabu. Misa haihitaji jalada gumu.

(b) Ndani ya miezi mitatu kila parokia ihesabu madaftari yake ya zamani, iandike ni ya mwaka gani hadi mwaka gani na yako katika hali gani, na orodha hiyo ipelekwe kwa Kansela. Hakuna kubandika solotepu, hakuna kupeleka kwenye leminesheni.

(c) Yaliyo katika hali mbaya kuliko yote yapigwe picha kwanza, nakala tatu: moja parokiani, moja jimboni, moja nje ya jimbo mahali salama.

(d) Kila kigango kitoe majina ya makatekista wake tangu mwanzo, kwa daftari na kwa mdomo wa wazee, na majina hayo yaingie kitabuni. Yote. Kama ni kurasa 40 za majina matupu, ziwe 40.

(e) Sura ya tatu iandikwe upya na mtu aliyekaa na wazao wa pande zote mbili.

(f) Nijibiwe kwa maandishi. Hata jibu la hapana, mradi liwe na saini.

Upande wangu sitoi maneno tu. Mimi ni mwalimu mstaafu, siku zangu ni zangu. Niko tayari kukaa na madaftari ya parokia tatu za dekania yetu bila posho, kwa masharti yoyote ya usiri mtakayonipa, na nimekwisha kuwapata vijana wanne wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, wenye mikono misafi na simu. Kabati la chuma moja amelitoa muumini asiyetaka kutajwa. Liko barazani kwangu linasubiri. Mchango wangu wa jubilei ninao pia, uko kwenye bahasha. Nitauleta siku nitakayoonyeshwa ukurasa wenye jina la yule wa mwandiko wa mviringo. Jina lenyewe ninalo, nililinakili siku ile kabla ya solotepu, lakini sitaliweka hapa. Nataka mlifungue daftari mlisome wenyewe, ni la tatu kutoka juu kwenye kiroba cha kushoto, kama hakijasogezwa.

Nabaki wako mtiifu katika Kristo,

Mwalimu mstaafu, muumini wa parokia ya vijijini,
mjukuu wa katekista

Nakala:
Kansela wa Jimbo
Maparoko wote, kupitia madekano
Halmashauri ya Walei Jimbo
Ubao wa matangazo wa parokia yangu, kama paroko ataruhusu